Sikio la Bi Somoe

Walikuja kulikamata sikio. Nasema sikio, usidhani nimeteleza ulimi. Bi Somoe mwenyewe hawakumtaka, mikono yake hawakuitaka, wala kinywa chake hawakukishughulikia, ingawa ndicho kilichowatukana kutoka mlangoni mpaka barabarani. Hati waliyokuja nayo, yenye mihuri minane, ilitaja sikio moja la kulia, mali ya Kiti cha Enzi, lililokutwa likikaa isivyo halali kichwani kwa mwanamke aitwaye Somoe binti Vuai. Hati za Kasri zilikuwa hivyo. Ziliandikwa na watu wenye mwandiko mzuri na haya kidogo sana.

Ilikuwa asubuhi, wakati wa chai. Katika Mji ule asubuhi yenyewe haikuwa kitu cha kutegemea. Kuna siku jua lilichomoza mara mbili kwa sababu Kasri lilitangaza kwamba halikuliona mara ya kwanza. Bi Somoe naye umri wake ulikuwa ukienda na kurudi, kwa sababu nitakayoieleza, lakini asubuhi hiyo alikuwa na miaka yake halisi, sabini na kitu, ameketi juu ya kibao akimenya ndizi za kupika. Mwanawe Mize, mchonga vito, alikuwa dirishani na keekee yake ya upinde, ile inayozungusha ncha ya chuma iliyopakwa mafuta na unga wa almasi. Alikuwa akisafisha ukingo wa jiwe.

"Hodi," ikaita sauti mlangoni.

"Karibu," akajibu Bi Somoe.

Akaingia Bwana Mwidani, na askari wawili nyuma yake. "Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi. Nimekuja kukamata sikio lako."

Bi Somoe akaweka kisu chini. "Limefanya nini?"

"Wizi."

Bwana Mwidani alikuwa Mtunza Nyuso wa Kasri, mtu mrefu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Alikuwa amekula katika nyumba ile mara zisizo na idadi. Baba yake Mize alipofariki, yeye ndiye aliyeshika jeneza mbele, akalia machozi ya kweli, si ya kupaka. Na sasa amesimama pale na hati mkononi, hata haya haoni! Mimi watu wa namna hii ndio wanaonitoa roho. Mbaya aliye mbaya moja kwa moja unamjua wa kumkimbia, lakini huyu anakupa shikamoo kwanza.

"Wizi wa sikio lake mwenyewe?" Mize alikuwa ameshainuka.

"La Mfalme, Bi Mize. Soma mstari wa tatu."

"Mstari wa tatu kasome wewe na wanao!" akafoka Bi Somoe.

Bwana Mwidani akatoa utepe mwekundu mfukoni, akaufunga sikioni kwa Bi Somoe polepole, bila kuvuta nywele. "Kesho saa nne, mbele ya Hakimu," akasema. "Tafadhali usilioshe kwa sabuni kali. Sasa hivi ni kielelezo."

Ngoja nikueleze, maana bila kuijua kazi ya ukoo ule utadhani watu hawa walikuwa vichaa. Walikuwa vichaa, ndiyo, lakini kwa utaratibu. Katika Mji ule hakuna aliyewahi kumwona Mfalme. Mfalme alikaa nyuma ya pazia tangu kutawazwa mpaka kuzikwa. Lakini kila mtu alimvaa. Mfalme mpya aliposhika kiti, lilitafutwa jiwe la akiki lenye tabaka mbili, jeupe juu na jeusi chini, na mchongaji akaukata ule weupe kidogo kidogo mpaka ukabaki uso wa upande mmoja, umesimama peke yake juu ya weusi wa jiwe. Jiwe hilo likaitwa Uso. Nakala zake ndogo zilitiwa kwenye bizimu za fedha, na kila raia alibandika yake kifuani, upande wa moyo. Uliivaa sokoni, uliivaa msibani, na mtoto mchanga alibandikwa kwenye nepi. Ole wako ukutwe huna.

Sasa mchongaji atachongaje uso asiouona? Hapo ndipo walipoingia kina Bi Somoe. Kitabu cha Kasri kiliagiza atafutwe mwanamke asiye na jina kubwa, akae kitini badala ya Mfalme, upande wake wa kulia umwelekee mchongaji, asitikisike. Kwa nini mwanamke? Kitabu kilisema wanawake hawachoki kukaa. Loh! Aliyeandika hayo nyumbani kwake alikuwa akipikiwa na nani? Mchongaji alimtazama yule mwanamke, kisha akafuata kanuni: pua ipinde hivi, kidevu kitokeze hivi, ndevu zifike hapa, taji liegemee pale. Kila kilichokuwa cha mwanamke kilifutwa na kanuni. Isipokuwa sikio. Aliyeandika Kitabu alilisahau sikio, na mchongaji asiye na kanuni huchonga anachokiona.

Ndiyo maana wafalme wanane, katika miaka mia mbili, wakavishwa sikio la ukoo mmoja wa makabwela. Sikio lenyewe hulisahau ukiliona mara moja? Thubutu. Ukingo wake wa juu umekunjika kwa ndani kama chapati iliyopinduliwa na mtu mwenye haraka, na ndewe yake haining'inii, imeshikana na shavu. Bibi wa bibi yake Bi Somoe, Mwanaiki, alimkalia Mfalme wa Kwanza. Baada yake wakakaa mabinti na wajukuu, mmoja mmoja. Bi Somoe aliwakalia wawili, wa Saba na wa Nane, miaka arobaini jumla, kwa kuwa kila fungu la nakala lilidai akae upya. Na aliyemkalia Mfalme alikatazwa kutembea uso wazi, eti uso wake umeshakuwa wa mwingine. Alijifunika ushungi mpaka puani, sokoni na kila mahali.

Kukaa kule ndiko kulikomvuruga umri. Ukikaa miaka bila kutikisika, siku hazijui zikupitie upande gani. Bi Somoe aliweza kuamka na miaka thelathini, akatandika kitanda kwa nguvu za msichana, na ikifika adhuhuri ana themanini na anatafuta mkongojo. Kuna Ijumaa moja Mize alimkuta mama yake jikoni ni mdogo kuliko yeye, wakaangaliana, wakacheka, wakapika pamoja. Lakini sikio halikubadilika hata siku moja. Mize alimtambua mama yake kwa sikio.

Uso wa Nane aliuchonga Mize mwenyewe. Hapa ndipo panaponiuma, na yeye pia ndipo palipomuuma. Miaka miwili alimtazama mama yake kitini, na kila siku akamfuta kidogo kwa amri ya Kitabu: leo kaondoa pua yake, kesho midomo, keshokutwa kambandika ndevu. Alipofika kwenye sikio, hapakuwa na amri. Basi alilichonga kwa mapenzi yake yote, mkunjo kwa mkunjo, mpaka ukiliweka jiwe dhidi ya mwanga unaona kivuli chepesi ndani ya tundu. Alisema moyoni, angalau hiki kitabaki chake. Mapenzi yale ndiyo sasa yaliyogeuzwa ushahidi.

Maana mwaka huo wa mia mbili Kasri likaamua kujisherehekea. Mawe manane ya asili yakatolewa kwenye masanduku, yakapangwa pamoja kwa mara ya kwanza, na wataalamu wa Kasri wakaja na lenzi zao. Hao ni watu waliosoma mpaka wakasahau kufikiri. Wakatazama, wakatazamana, wakaruka kwa furaha: sikio ni moja! Tangu wa Kwanza mpaka wa Nane! Damu ya enzi haijachanganyika! Mbiu ikapigwa siku hiyo hiyo kwamba sikio lenye mkunjo ndiyo alama ya ufalme wa haki, na asiye nalo hana haki ya kiti. Watu wakashangilia, wamevaa bizimu zao, na Bi Somoe akapita katikati yao na kikapu cha mboga, ushungi puani.

Kisha mtaalamu mmoja, kwa bidii tu, akaomba aingie nyuma ya pazia alitazame sikio la Mfalme lenyewe. Akaingia na taa. Akatoka uso umempauka. Sikio la Mfalme lilikuwa sikio tu, la kawaida, lenye ndewe inayoning'inia, kama lako na langu.

Hapo mtu mwenye akili angesema, jamani, tumekosea. Lakini Sheria ya Kwanza ya Mji ule ilisema jiwe halikosei. Mwili ukitofautiana na jiwe, mwili ndio uliokosea. Na haikuwa mzaha. Mfalme wa Tatu alifunikwa jicho la kushoto maisha yake yote, kwa kuwa jiwe linamwonyesha na jicho moja. Mfalme wa Tano alinenepa, akanyimwa chakula mpaka kidevu kikarudi kwenye kipimo. Kwa sheria hiyo basi, Mfalme wa Nane alikuwa na sikio lenye mkunjo. Kama halimo kichwani mwake, limeibwa. Na likiibwa, liko kwa mtu. Wakatafuta katika Mji mzima, wakafunua ushungi mmoja.

Siku nzima Mize hakushika kazi. Hati ilieleza adhabu: sikio lirudishwe kwa mwenyewe pamoja na mzizi wake, litunzwe ndani ya kijaluba chenye pamba. Mzizi wake! Na Bi Somoe upande wa kushoto alikuwa hasikii tangu homa ya utotoni.

"Wakilichukua hili," Bi Somoe akasema, akiushika ule utepe, "sitasikia adhana, sitasikia mvua. Hata wewe ukiniita sitasikia."

"Nitawaambia si lenyewe. Mimi ndiye fundi, wataniuliza mimi. Nitaapa kuwa hayafanani."

"Utamwambia nani, mwanangu? Mji mzima umelivaa sikio langu kifuani."

"Ningelichonga ovyo, mama. Ningelichonga ovyo tu!"

"Ulilichonga vizuri," akasema Bi Somoe. "Niliona. Mle ndani ya lile jiwe, mimi ni pale tu." Akaendelea kumenya ndizi, na mara hiyo akawa na miaka hamsini, kisha sitini, kisha akatulia.

Mize akakaa dirishani akizungumza peke yake, na maneno yake nayatoa kama yalivyokuwa, vipande vipande.

Nani alitangulia, sikio au jiwe? Nilikuwepo. Nilitazama kwanza, nikachonga baadaye. Lakini kwanza ni nini, katika Mji ambao jua lake huambiwa lirudi?

Enzi ni nini basi. Pazia. Nyuma ya pazia, mtu. Mbele ya pazia, jiwe. Juu ya jiwe, mama yangu. Mtoe mama yangu, kinabaki nini? Ndevu.

Tunawavaa. Tunawasugua kwa majivu wang'ae. Tunawabusu siku ya sikukuu. Na tunayembusu amekaa jikoni kwangu anamenya ndizi, hakuna aliyewahi kumpa hata kiti cha kuegemea mgongo.

Wezi ni nyinyi. Wezi ni nyinyi. Mnaiba miaka mia mbili halafu mnamshtaki mwenye mali.

Weupe wa jiwe ukishatoka haurudi. Hilo ndilo somo la kwanza la ufundi. Haurudi.

Hapo akaitazama keekee yake.

Saa nne ya kesho yake ukumbi wa shauri ulijaa mpaka madirishani. Hakimu alikuwa mzee mfupi aliyebandika Nyuso zote nane kifuani, kanzu imemvutika mbele kwa uzito. Nyuma yake lilishuka pazia la Mfalme, la kijani, zito. Mbele yake meza iliyotandikwa mahameli, na juu ya mahameli yale mawe manane ya asili, kila moja ukubwa wa nusu ya yai. Bi Somoe akasimamishwa, utepe sikioni, ushungi puani.

"Sikio hili unalo tangu lini?" Hakimu akauliza.

"Tangu nizaliwe."

"Na Uso wa Kwanza ulichongwa lini?"

"Mnasema miaka mia mbili iliyopita."

"Kwa hiyo jiwe lilikuwa nalo kabla yako." Hakimu akaandika.

"Bibi wa bibi yangu alikuwa nalo kabla ya jiwe! Yeye ndiye aliyekaa kitini."

"Aliyekaa kitini hana jina katika Kitabu," akasema Bwana Mwidani kwa upole.

"Jina lake Mwanaiki!"

"Katika Kitabu hayumo, Bi Somoe. Nimetafuta mwenyewe, kwa ajili yako. Hayumo."

Mize alisikia damu ikimchemka mpaka kichwani. Kwa ajili yako! Mtu anakuvunjia nyumba kisha anakwambia amekuokotea kitasa. Alitamani amrukie amchane ile kanzu, na mimi nisingemlaumu. Lakini jina lake likaitwa.

"Fundi Mize. Thibitisha mbele ya Mji kwamba sikio la mshtakiwa na sikio la Nyuso ni moja."

"Macho yangu tu hayatoshi, Mheshimiwa," Mize akasema. "Kina cha mkunjo kinapimwa kwa ncha. Nipeni keekee yangu."

Bwana Mwidani akamletea mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Na mawe yasogezwe yagusane. Nataka nipime yote kwa mkupuo mmoja."

Yakasogezwa, ukingo kwa ukingo. Sasa, ilikuwapo kanuni ya kazi ambayo kila mtu pale aliijua, kwa kuwa ilipigiwa mbiu kila mwaka: ncha ya mchongaji ikishagusa Uso wa Mfalme, marufuku kumgusa mchongaji mpaka aiinue mwenyewe. Ukimtikisa, mkono unateleza, jiwe linapasuka, na kulipasua jiwe ni kumpasua Mfalme. Ilikuwa kanuni ya busara. Waliitunga wakiwafikiria wagomvi na walevi. Hawakumfikiria mchongaji mwenyewe akiwa na hasira.

Mize akaweka ncha juu ya sikio la Mfalme wa Kwanza, akavuta upinde.

Unga mweupe ulipoanza kutoka, Bwana Mwidani alielewa kabla ya wote. "Bi Mize! Bi Mize, unafanya nini?" Askari akaruka mbele.

"Usimguse!" Hakimu akapiga ukelele mpaka sauti ikakatika. "Ncha iko Usoni! Asiguswe!"

Askari akabaki na mkono hewani. Ukumbi mzima ukabaki na mikono hewani. Mize akavuta na kusukuma upinde, na weupe ukakonda, ukawa kama ukoko, ukawa kama utando wa maziwa, ukaisha. Mahali pa sikio pakawa peusi patupu. Kisha, bila kuiinua ncha, akaitelezesha juu ya ukingo mpaka jiwe la pili.

Kuondoa sikio moja kwa ufundi ni kazi ya wiki nzima. Mize aliyaondoa katika kikao kimoja, au wiki zilipita na hakuna aliyethubutu kwenda nyumbani. Waliokuwepo wanabishana mpaka leo. Ndevu za Hakimu zilirefuka, hilo halina ubishi. Na kila sikio lilipotoka kwenye jiwe, mpaka la sita, mwanamke mmoja aliyejifunika aliinuka kati ya watu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona akiingia, akanyoosha mgongo, akajishika sikio lake mwenyewe kuhakikisha lipo, akatoka. Wa kwanza wao alikuwa mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Alipopita mbele ya Bi Somoe alimshika bega. Bi Somoe akaita, "Bibi Mwanaiki?" lakini alikuwa ameshafika mlangoni, na nani angemlaumu, miaka mia mbili kitini.

Mize akafika jiwe la nane. Hapo mkono ukasita. Ncha ilikuwa imeshagusa, upinde umetulia, machozi yanamdondoka juu ya mahameli. Yale mengine yalikuwa kazi ya watu. Hili alilichonga yeye. Hakikuwapo kitu kingine katika maisha yake alichokifanya kwa moyo wote namna ile, na akikiondoa hakirudi, na vizazi vijavyo havitaona popote kwamba paliwahi kukaa mtu.

"Siwezi, mama," akasema.

Bi Somoe alikuwa na miaka mingi sana saa hiyo, hata kusimama kulimpa taabu. Akageuza kichwa, lile sikio zima likamwelekea mwanawe.

"Umesemaje?"

"Nimesema siwezi."

"Nimekusikia," akasema Bi Somoe. "Toa. Hilo ni jiwe, mwanangu. Langu ninalo hapa."

Mize akavuta upinde.

Alipoiinua ncha, hakuna aliyesogea kumkamata. Walikuwa wakitazama meza. Wafalme wanane, pua zimepinda, ndevu zimefika, mataji yameegemea, na pembeni mwa kila kichwa weusi mtupu.

Bwana Mwidani alikuwa analia, na kama kawaida yake machozi yalikuwa ya kweli. "Ameharibu Nyuso! Mheshimiwa, ameharibu! Mfungeni!"

Hakimu akainama juu ya mawe na lenzi yake. Akakaa hivyo muda mrefu. Alikuwa mtu wa sheria, masikini, na sheria alikuwa nayo moja. "Ukisema yameharibika, Mwidani," akasema, "unasema jiwe limekosea."

"Nasema... yalikuwa na masikio jana!"

"Jiwe halikosei. Kama leo halina sikio, basi Mfalme hana sikio, na hakuwahi kuwa nalo. Wala wa Kwanza hakuwahi." Akavua lenzi. "Na kitu ambacho mtu hakuwahi kuwa nacho hakiibiki. Mfungue mama huyu utepe."

Bwana Mwidani akaufungua. Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu Mji ule uwe Mji, sauti ikatoka nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti ya kawaida tu, ya mtu wa makamo mwenye mafua.

"Mwidani! Kuna nini huko? Nasikia watu wanasema kwamba..."

"Husikii, Bwana wangu!" Bwana Mwidani akapaza sauti, uso umempauka. "Nakuomba. Husikii."

"Nasikia, we mwendawazimu! Nimesikia kila neno!"

Hakimu akageuka akalitazama pazia. Akaondoa kalamu kwenye wino. "Iandikwe," akasema polepole, "kwamba nyuma ya pazia kuna mtu anayedai kuwa na masikio ambayo hayamo kwenye jiwe. Shauri la namna hii adhabu yake imo tayari kwenye hati ya leo. Masikio yarudishwe, pamoja na mizizi yake." Akangoja. "Anasikia, au hasikii?"

Pazia likatulia tuli. Hakikusikika hata kikohozi.

"Iandikwe kwamba hasikii," akasema Hakimu.

Watu walianza kutazamana. Mtu mmoja dirishani akacheka kidogo, akajiziba mdomo, kisha akauachia. Mize alikuwa akikusanya vifaa vyake, mikono imejaa unga mweupe mpaka kwenye viwiko, akimtafuta mama yake waondoke kabla watu wale hawajavumbua sheria nyingine. Lakini mama yake hakuwa mahali pake. Bi Somoe alikuwa amepanda vile vidaraja vitatu vya kufikia pazia, ambavyo hakuna raia aliyewahi kuvipanda, na sasa amesimama pua yake inakaribia kugusa kitambaa cha kijani. Akaushika ushungi, akauvua wote, akautupa begani. Watu wengi pale ilikuwa mara yao ya kwanza kuuona uso wake, ingawa wamemjua tangu utotoni. Ulikuwa uso wa mwanamke mzee aliyechoka, mwenye pua fupi.

"Mimi naitwa Somoe binti Vuai," akasema. "Nimekukalia wewe na baba yako miaka arobaini, na mgongo hauniachi nilale. Mume wangu alifariki mimi niko kitini kwako. Walikuja kuniambia, na wakaniambia nimalizie kwanza. Nikamalizia. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshazikwa. Nawe ulikuwa hapo hapo, hatua tatu, nyuma ya hiki kitambaa. Hukunipa hata pole."

Akageuza sikio lake kuelekea pazia, akangoja. Nyuma ya kitambaa mtu alivuta pumzi kwa nguvu, kama anayetaka kusema neno, kisha akaizuia. Bi Somoe akangoja tena kidogo. Halafu akakohoa, akaanza upya tangu jina lake, safari hii kwa sauti ya kufika barabarani, na chini ya vile vidaraja watu wakaanza kupanga foleni.